Amri ya Kutembea Inapita Wapi?

Wajukuu zangu, sogeeni karibu. Kabla sijaanza hadithi, fanyeni jambo moja. Kaeni juu ya baraza, miguu ining'inie isiguse chini, na muilegeze kabisa. Sasa kila mmoja amwambie mwenzake ampige polepole, kwa ubavu wa kiganja, chini kidogo ya pia ya goti, pale penye ukano mgumu unaoshuka hadi kwenye ugoko. Mpigaji akipapata sawasawa, mguu utaruka mbele wenyewe. Hakuna aliyeuamuru. Umejibu kabla mwenye mguu hajawaza.

Basi sikilizeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mkoa wetu wa Mtwara na kule Mbinga, mkoani Ruvuma, walikuwako watoto ambao magoti yao yaliruka kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mganga akiligusa goti kidogo tu, mguu unaruka juu kwa nguvu. Hata hivyo watoto hao hawakuweza kutembea kwenda shule. Mchana mtoto alicheza, akala, akalala salama. Asubuhi akataka kusimama, miguu imekakamaa, magoti yanagongana, visigino havifiki chini. Mguu una uhai tele, lakini haumtii mwenyewe. Inawezekanaje? Ili niwajibu, lazima kwanza tuifuate njia ambayo amri ya kutembea hupita, kutoka kichwani hadi kwenye kidole cha mguu.

Siku ya sikukuu, mama anapowapakulia shingo ya mbuzi, itazameni vizuri kabla ya kuila. Kila pingili ina tundu katikati, na ndani ya tundu hilo mna kitu cheupe, laini, kilichopita pingili hadi pingili. Huo ni ugwe wa mgongo. Na wewe unao. Kwa mtu mzima una urefu wa karibu sentimeta 45 na unene wa karibu sentimeta moja, na umefichwa ndani ya mifupa kwa sababu ni laini mno. Ugwe huu ndio barabara kuu kati ya ubongo na mwili.

Kutoka kwenye ugwe, kulia na kushoto, hutoka mishipa ya fahamu, ambayo wengine huiita neva. Ni jozi 31. Shingoni hutoka jozi 8, kifuani 12, kiunoni 5, kwenye mfupa mpana ulio chini ya kiuno 5, na kwenye kifandugu jozi moja ya mwisho. Kila neva ina mizizi miwili. Mzizi wa nyuma huleta habari kutoka mwilini: hapa pana moto, hapa pana mwiba, hapa pameguswa. Mzizi wa mbele hupeleka amri kwenye misuli: kunja, nyoosha, shika, achia. Mizizi hiyo miwili huungana inapotoka katikati ya pingili, ikawa neva moja inayobeba habari na amri pamoja. Jambo hili liligunduliwa Ulaya karne mbili zilizopita: mwaka 1811 Charles Bell wa Uingereza aliandika juu ya kazi ya mizizi ya mbele, na mwaka 1822 François Magendie wa Ufaransa akathibitisha kazi ya mizizi yote miwili.

Jozi za kifuani nyingi hupita kati ya mbavu, kila moja na eneo lake. Mikono na miguu inataka ufundi zaidi. Mmeshamwona bibi akisuka ukili wa mkeka: miyaa inaingia upande mmoja, inapishana, inaungana, inaachana, na mwaa ulioanzia kushoto unatokea kulia. Neva za mkono hufanya vivyo hivyo. Neva tano, yaani ya tano, ya sita, ya saba na ya nane za shingo, pamoja na ya kwanza ya kifua, hukutana shingoni juu ya mfupa wa mtulinga, zikapishana hadi kwapani, kisha zikatokea neva mpya, kila moja imebeba nyuzi za neva kadhaa za mwanzo. Faida yake ni kubwa. Neva moja ya shingo ikiumia, msuli haufi kabisa, kwa kuwa unapata amri pia kutoka kwa jirani yake.

Twendeni mlangoni mwa mto Ruvuma, pale maji matamu yanapokutana na chumvi kwenye mikoko, tumtazame mvuvi anayerusha kimia. Anauinua mkono pembeni: ni neva ya tano ya shingo inayoamuru bega. Anakunja kiwiko kuuvuta wavu kifuani: ni ya tano na ya sita. Anajizungusha, ananyoosha kiwiko kwa nguvu ili kimia kiruke: ni ya saba. Muda wote vidole vimeishika kamba: ni ya nane. Kisha vidole vinatanuka kuuachia wavu, ufunguke juu ya maji: misuli midogo inayovitanua vidole inategemea sana neva ya kwanza ya kifua. Neva zote tano zimefanya kazi, zimepokezana kwa muda mfupi kuliko wa kuvuta pumzi moja. Ndani ya neva za mikono na miguu, amri hukimbia kwa mwendo wa meta 50 kwa sekunde, na pengine zaidi.

Ngozi nayo imegawanywa. Gusa kidole gumba chako: habari hiyo inaingia kwa neva ya sita ya shingo. Gusa cha kati: ya saba. Gusa cha mwisho, kidogo kuliko vyote: ya nane. Ndiyo maana daktari anaweza kumchoma mgonjwa vidole kwa ncha ya pini, akauliza tu, "Unasikia?", na kutokana na majibu akajua ni pingili ipi ya shingo inayobana neva. Na ukijigonga kiwiko upande wa ndani ukasikia ganzi inakimbia hadi kidole cha mwisho, neva uliyoigonga inaitwa alna. Pale kiwikoni imelala juujuu, nyuma ya mfupa, na ngozi tu ndiyo inayoifunika.

Miguu ina mifumo yake. Neva za kiuno na za mfupa ulio chini yake hupishana vilevile tumboni na nyongani, kisha hutoa neva mbili kubwa. Moja hupita mbele ya paja. Inatoka kwa neva ya pili, ya tatu na ya nne za kiuno, na ndiyo inayonyoosha goti. Nyingine hupita nyuma, katikati ya tako, ikashuka hadi nyayo. Hiyo ndiyo neva nene kuliko zote mwilini, na huitwa siatiki. Kwa ajili yake, muuguzi anayechoma sindano takoni huchagua pembe ya juu ya upande wa nje. Akichoma katikati au chini anaweza kuigusa, na mguu ukapooza.

Sasa simameni, mtembee hatua chache kwa visigino, vidole vikiwa juu. Hapo mnatumia neva ya nne na ya tano za kiuno. Haya, tembeeni kwa ncha za vidole. Hapo ni ya kwanza ya mfupa ulio chini ya kiuno. Mkiweza yote mawili bila kuyumba, neva hizo ni nzima pande zote.

Tumefika penye kiini cha hadithi. Amri ya kutembea hubebwa na wajumbe wawili wanaopokezana njiani. Mjumbe wa kwanza ni seli iliyoko sehemu ya juu ya ubongo, na uzi wake hushuka, ukavuka upande wa pili chini ya ubongo, ukaingia ndani ya ugwe hadi kiunoni. Kwa hiyo ubongo wa kushoto huamuru mguu wa kulia. Mjumbe wa pili ni seli iliyoko ndani ya ugwe wenyewe, na uzi wake hutoka kwa mzizi wa mbele, ukafuata neva hadi kwenye msuli. Wa kwanza akinyamaza, wa pili hana wa kumwamuru. Wa pili akifa, wa kwanza hana wa kumpokea.

Na lile goti lililoruka barazani? Ukano ulipopigwa, msuli wa paja ulivutika, habari ikaingia kwenye ugwe kupitia neva za kiuno, ikampata mjumbe wa pili papo hapo, naye akaamuru msuli ujikaze. Habari haikungoja ubongo. Lakini ubongo una kazi nyingine: kwa kumtumia mjumbe wa kwanza, huutuliza mguu usiruke kupita kiasi. Hapo ndipo daktari anapopata jibu. Goti lisiporuka kabisa, njia ya chini ndiyo iliyokatika. Goti likiruka mno na mguu ukawa mkakamavu, njia ya chini ni nzima, na aliyenyamaza ni mjumbe wa juu.

Magonjwa yanayojulikana katika nchi yetu huvamia njia hii mahali tofauti. Ukoma huvamia neva zenyewe, hasa zile zilizo karibu na ngozi, kama ile ya kiwikoni. Dalili yake ni doa lisilosikia mguso, vidole vinavyokunjika, na kidonda ambacho mwenyewe hakusikia kikiingia. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya afya, na anayewahi hupona kabla neva hazijaharibika. Polio humvamia mjumbe wa pili ndani ya ugwe. Mguu hulegea, hukonda, na goti halijibu. Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa kirusi cha asili cha polio mwaka 1996. Lakini mwaka 2022 kirusi hicho kilipoonekana Malawi na Msumbiji, nchi za jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma na Ziwa Nyasa, watoto wetu walichanjwa tena nyumba kwa nyumba.

Wale watoto wa mwanzo wa hadithi hawakuwa na ukoma wala polio. Miguu yao ilikuwa mikakamavu na magoti yanaruka. Kwa hiyo neva zao za kiuno zilikuwa nzima, na aliyeumia ni mjumbe wa kwanza, na hasa nyuzi zake ndefu ziendazo miguuni. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Ulielezwa mwaka 1938 na daktari Giovanni Trolli, aliyekusanya taarifa za madaktari waliofanya kazi Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata watu 1,102 katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Mwaka 1985 ulitokea Tarime, karibu na Ziwa Viktoria, na daktari William Howlett na wenzake wakauchunguza. Kisha ukafika Mbinga na kwetu Mtwara. Kila ulikotokea, mambo matatu yalikutana: muhogo mchungu, njaa, na haraka.

Muhogo mchungu si adui. Nguruwe na nyani hawaupendi, unastahimili ukame, na umewaokoa babu zenu mara nyingi. Lakini ndani ya seli zake mna kitu kiitwacho linamarini, ambacho hutoa sumu ya sianidi seli zikivunjika. Mvua zikikosekana, kitu hicho huongezeka. Hekima ya wazee ilikuwa kuuloweka au kuuvundika kwa siku kadhaa hadi ulainike, ndipo uanikwe. Ukilainika, seli zimevunjika, na sumu nyingi imetoka, ikaingia kwenye maji na hewani. Makopa, yaani muhogo uliomenywa na kuanikwa tu juani, hukauka kabla seli nyingi hazijavunjika, na kama muhogo ni mchungu sumu nyingi hubaki ndani. Wakati wa njaa watu wa Masasi na vijiji vya jirani walitengeneza chinyanya: muhogo mbichi unatwangwa, unaanikwa, unatwangwa tena, unaanikwa tena, hadi upatikane unga wa kula upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, chinyanya iliyotengenezwa kwa haraka iliwatia watu kizunguzungu na kutapika saa chache baada ya mlo. Mtafiti Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania alichunguza jambo hilo kwa makini, akapima sumu inayobaki katika kila hatua ya kazi.

Mwili wenyewe una kinga. Unaweza kuigeuza sianidi ikatoka kwenye mkojo, mradi upate salfa iliyomo katika vyakula vya kujenga mwili: samaki, dagaa, mayai, kunde, mbaazi, njugu. Si ile salfa ya kupuliza kwenye mikorosho, wajukuu. Hiyo ni dawa ya shambani, haifai kuliwa. Mtoto anayekula ugali wa muhogo mchungu asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, bila kitoweo, anakosa salfa hiyo. Sumu inaingia na haina wa kuitoa. Siku moja miguu yote miwili inakakamaa kwa pamoja.

Na hapa kuna jambo zito ambalo nataka mlishike. Neva ya mkono au ya mguu ikikatwa, nyuzi zake zinaweza kuota tena, polepole, karibu milimita moja kwa siku. Nyuzi za ubongo na ugwe hazioti hivyo. Konzo haiendelei kuzidi baada ya kuingia, lakini haiondoki. Atakayeipata leo ataishi nayo, mmoja akitembea bila kushika kitu, mwingine kwa fimbo moja au mbili, mwingine asiweze kusimama kabisa. Mazoezi ya kunyoosha viungo na magongo mazuri humsaidia sana, lakini hayawezi kurudisha kilichokwisha kuharibika. Ndiyo maana kinga yake lazima ianzie jikoni.

Kinga hiyo ni nyepesi, na kila mmoja wenu anaweza kuifanya kesho. Mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia ndiye aliyeibuni, naye pamoja na Mlingi na wenzao wakaipeleka kwa wanawake wa kusini mwa Tanzania. Mwaka 2011 walichapisha taarifa yake. Tia unga wa muhogo kwenye beseni, uusawazishe, kisha chora alama ndani ya beseni pale unga ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwanza utaona unga unashuka, kwa kuwa unabonyea. Endelea hadi unga uliolowa upande tena na kufika kwenye ile alama. Utandaze juu ya mkeka safi, tabaka jembamba lisizidi sentimeta moja. Uache juani kwa muda wa saa mbili, au kivulini kwa muda wa saa tano. Maji yanakiamsha tena kile kitu kilichomo ndani ya muhogo kinachoivunja linamarini, na sianidi inaruka hewani. Baada ya hapo songa ugali wako siku hiyohiyo, kama kawaida. Haihitaji mashine wala fedha. Inataka maji, mkeka na subira.

Pelekeni habari hii nyumbani, Msimbati, Kilambo, Mikindani, Msanga Mkuu, na kwa shangazi zenu walioko bara. Mwaka wa njaa ukija, kumbusheni: muhogo mchungu usiliwe upesi, na ugali wake usiliwe mtupu siku kwa siku, hata kama kitoweo ni kiganja kimoja cha kunde. Mtoto akikakamaa miguu ghafla, apelekwe kituo cha afya siku hiyo, na wote wanaokula chungu kimoja naye waangaliwe.

Na kama darasani kwenu yuko mwenzenu anayetembea kwa ncha za vidole, magoti yanakutana, msimcheke wala msimwite amerogwa. Hakurogwa. Ujumbe tu hauteremki mpaka miguuni. Akili anayo ya kusoma, mikono anayo ya kuandika, na anataka kuja shule kama nyinyi. Mbebeeni mkoba, mfupishieni njia, mumwekee nafasi kwenye dawati la mbele.